Sweta ya Babu Haifuliwi

Kwa Shangazi Dobi,
Nyuma ya duka la vioo, mlango wa bluu.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu zikiwa za moto, kama shati lililotoka chini ya pasi sasa hivi. Hujambo huko? Miguu yako je, bado inavimba ukishinda umesimama wodini? Unakula, au unalidanganya tumbo kwa chai? Na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha? Nijibu ukweli, usiniandikie "mzima" halafu basi. Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unalalamika kama kawaida yake, na siku utakaponyamaza ndipo nitakapoogopa. Babu yako naye mzima, anakula vizuri na anabishana na redio kutwa nzima.

Najua macho yako yameshakimbilia chini kutafuta habari za simbilisi wako. Basi nisikuzungushe. Pamba ametutoka. Kifungo yupo, mzima kabisa, na hivi ninavyoandika anatafuna nyasi chini ya meza yangu ya kupigia pasi, namsikia hata juu ya redio ya Babu. Soma hapo mara mbili. Ukitaka kulia, lia kidogo, kisha uendelee, maana mambo yametengemaa.

Pamba alikwenda bila kumsumbua mtu. Jioni alikula hoho yake na akamnyang'anya Kifungo kipande, kama ilivyokuwa tabia yake. Asubuhi nilipopeleka majani nikamkuta amelala ubavu kwenye kona, na mwenzake amejibanza ubavuni pake. Daktari wa mifugo alituambia baadaye kwamba umri ulikuwa umekwenda na moyo umechoka, hakuna aliyekosea. Nakueleza hivyo kwa sababu nakujua, utaanza kusema ungekuwepo usingetokea msiba. Ungekuwepo ungetokea vilevile, mwanangu. Nilimfunga kwenye foronya nyeupe, ile yenye ua pembeni, na Babu akamchimbia nyuma ya tangi la maji. Hakutaka nimsaidie jembe hata kidogo.

Sasa sikia nilivyoharibu. Unanijua shangazi yako, mimi nikiwa na huzuni mikono haitulii, nafua. Nilitoa kila kitu kwenye kizimba. Taulo zao nikazichemsha. Kile kijumba chao cha mbao nikakisugua kwa brashi ya kola mpaka kikabadilika rangi. Bakuli, sakafu, nyavu, vyote nikavipitisha kwenye maji ya moto na sabuni, nikasuuza, nikaanika juani. Nikamrudisha Kifungo kwenye kizimba kinachong'aa, nikasimama mikono kiunoni nikijisifu. Nilidhani nimemfanyia wema.

Loo! Aliingia akanusa kona moja, akanusa ya pili, akazunguka kijumba, akaenda pale mlangoni akakaa ameupa ukuta uso. Nikamwekea hoho, hakugusa. Nikamwekea majani ya karoti, yale anayoyapigia makelele akisikia tu mfuko ukichakarika, hakugeuka. Siku nzima hivyo. Kesho yake asubuhi bakuli liko nilivyoliacha, na yeye yuko pale pale, manyoya yamesimama kama ya mtu aliyekurupushwa usingizini.

Mwanangu, hapo moyo uliniruka. Nilikumbuka ulivyoniasa siku ile unafunga begi, kwamba wanyama hawa hawajui kufunga, tumbo likikaa tupu kidogo tu linasimama na ndio mwisho wao. Nikasema, nitamwandikia nini huyu mtoto? Kwamba uliniachia wawili nikakurudishia foronya mbili? Nikafunga duka. Wateja wakaacha makaratasi mlangoni ya kunisema. Nikamweka Kifungo kwenye kikapu cha soksi, na Babu akavaa viatu vyake vya kutokea bila kuambiwa.

Daktari wa mifugo ni mama mmoja mfupi, ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo, lakini alivyomshika Kifungo utadhani ameshika yai. Akamkagua meno, akamminya tumbo taratibu. Akasema haumwi, ana majonzi, na majonzi kwa simbilisi ni ugonjwa kamili. Akatupa unga wa majani wa kukoroga na bomba la sindano lisilo na sindano, tumlishe kidogo kidogo kwa pembeni ya mdomo. Kisha akaniuliza kama tulimwachia muda wa kukaa na mwenzake kabla ya kumzika, na kama tumemwachia chochote chenye harufu yake.

Basi mimi na kiherehere changu nikajibu kwa fahari kabisa: "Hapana, daktari! Vyote nimefua, tena kwa maji ya kuchemka!"

Akaniangalia. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akafumba macho kidogo kama mtu anayezuia kicheko, akasema, "Pole, mama. Umemhamisha nyumba akiwa ndani." Akanieleza kwamba hawa wanajuana kwa pua. Kwa Kifungo, mwenzake alitoweka asubuhi, na kufika mchana na nyumba ikatoweka. Nilitamani sakafu ipasuke nizame. Akasema nitafute hata kitambaa kimoja ambacho hakijapita kwenye karai langu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza. Kitambaa kipi? Kwenye nyumba ya dobi utatoa wapi kitu kichafu? Hata matambara ya kudekia nayapiga pasi, wewe mwenyewe ulikuwa unanicheka. Babu alikuwa amekipakata kikapu mapajani. Tulipofika akaingia chumbani kwake, nikasikia anavuta sanduku lake chini ya kitanda. Akatoka ameshika sweta yake ya kijivu.

Ile sweta! Unaikumbuka? Ile uliyokuwa unaiazima kwake kila asubuhi wakati wa kusafisha kizimba, unaivuta mikono mpaka imerefuka, Pamba anaingia kwenye mkono mmoja na Kifungo kwenye mwingine. Tangu uondoke naiulizia. Babu akaniapia imeibwa kwenye kamba. Mimi nikagombana na jirani wa ghorofani, nikamnunia mpaka salamu tukapunguziana, masikini ya Mungu, mama wa watu hana kosa! Kumbe sweta iko chini ya kitanda, imejaa manyoya, imekakamaa kwa mabaki ya karoti, na harufu yake, mwanangu, sitakueleza.

Nikafungua mdomo nimgombeze. Hakunipa nafasi. Akapiga magoti na goti lake lile bovu, akaisukumia sweta ndani ya kizimba. Kifungo akageuka. Akanusa ukingo, akanusa mkono, akaingia ndani ya mkono wa sweta wote, tukabaki tunaona uvimbe tu unatembea. Halafu tukasikia ile sauti yake ndogo ya kunung'unika ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mwenzake aondoke. Babu akapitisha jani moja la karoti kwenye tundu la mkono, na jani likavutwa.

Mimi nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, nimekaa chini kwenye maji ya sabuni. Babu naye alikuwa anapangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Nilipopata pumzi nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema, "Siku mtoto alipoondoka ulifua mashuka yake kabla basi lake halijatoka mjini. Nilikwenda kukaa chumbani kwake kidogo, nikakuta sabuni." Akawasha redio.

Ni kweli, mwanangu. Nilitoka kituoni nikaingia chumbani kwako moja kwa moja, nikavua kitanda. Sikujua kama kuna mtu alitaka kuketi pale. Sikujua hata kama mimi mwenyewe nilitaka.

Basi turudi kwa Kifungo. Siku zile za kwanza tulimlisha kwa bomba. Babu alimshika, mimi nikaminya, na mara nyingi uji uliishia kwenye shati la Babu, ambalo sasa anakataa nalo nisilifue, eti linaweza kuhitajika. Kila asubuhi nampima kwenye mizani ya sabuni. Kwanza alishuka, nikakosa raha. Kisha akasimama palepale. Halafu asubuhi moja mshale wa mizani ukapanda kidogo tu, nikampigia Babu kelele akatoka bafuni na povu kichwani akidhani nyumba inaungua. Siku hiyo nilikula chakula changu chote.

Daktari alisema kupona njaa si kupona upweke, na kwamba tusimwache akae peke yake muda mrefu. Mimi nikaona ni haraka mno, kama kumletea mtu mchumba matangani. Babu akasema sijaulizwa mimi, kaulizwa Kifungo. Na kweli, jioni Kifungo alikuwa anaita, ananyamaza, anasikiliza, anaita tena. Sikuweza kuvumilia. Nikamwuliza mteja wangu mwokaji, yule wa makoti yenye unga, maana nyumbani kwake simbilisi wanazaana kuliko mikate inavyoumuka. Akanipa dume mdogo wa kahawia, ana nywele zilizosimama utosini kama amelala vibaya.

Hatukuwakutanisha hivihivi. Daktari alitufundisha: vizimba viwili kwanza, vinaangaliana, na harufu zibadilishane. Kwa hiyo sweta ikafanya kazi ya pili. Usiku mmoja kwa huyu, usiku mmoja kwa yule. Kisha tukawaweka sakafuni mahali pasipo pa huyu wala pa yule, kwenye chumba cha pasi, mabakuli mawili, vijumba viwili, nyasi tele katikati. Mama yangu! Kifungo akavimba mara mbili yake, akatembea kwa kujitikisa nyuma kama bosi anayekagua wafanyakazi, meno yanagongana. Mdogo akapiga yowe utadhani amechinjwa, na hajaguswa. Mimi nikashika taulo tayari kuwatenga. Babu akanishika mkono, akasema niwaache wazungumze.

Wakazungukana. Wakafukuzana. Mdogo akakimbilia ndani ya sweta, Kifungo akamfuata humohumo, nikasema sasa damu. Hakuna kilichotokea. Nilipoinua ukingo kuchungulia niliwakuta wamelala, mdogo kidevu chake juu ya mgongo wa mwenzake, na Kifungo ananiangalia kwa jicho la kuniuliza nataka nini.

Babu amempa mgeni jina la Mpangaji, kwa sababu anasema anakula, analala na halipi. Kama una jina bora tuandikie, ingawa nadhani umechelewa, tayari anaitikia. Juzi alimpora Kifungo kipande cha hoho. Nilimwona Kifungo ameduwaa, kisha akaendelea kutafuna kilichobaki. Nikaenda kumwambia Babu, tukacheka mpaka tukanyamaza.

Jirani wa ghorofani nimemwomba radhi. Nimemfulia mapazia yote bure na ameshaanza kunisalimia kwa jina langu.

Sweta imebaki kizimbani. Nakuambia inanuka, na inaniwasha mikono kila ninapopita, lakini sijaigusa. Wateja wakiuliza hiyo ni nini nawaambia ni nguo ya kazi. Haifuliwi, basi.

Sasa nina ombi, na usinicheke. Ukipata mtu wa kuja huku, mpe nguo yako moja. Si lazima iwe nzuri. Blauzi, kanga ya kulalia, chochote ulichovaa wiki nzima. Usiifue. Usiikung'ute hata kidogo, iviringishe kama ilivyo uitie kwenye mfuko. Kifungo atapewa ukingo wake anuse, ni haki yake. Lakini nguo yenyewe naitaka mimi, nitaitandika kwenye kitanda chako, na Babu akitaka kwenda kukaa kidogo ataikuta. Na mimi nitaikuta.

Babu anakusalimu sana, anasema ule, na anasema sweta ni yake, ukirudi usidhani ni yako. Baba yako na mama yako walipita wiki jana, wanakusalimu na wamemuona Mpangaji. Yule mwokaji anakusalimu. Wasalimie wenzako wa chumbani na yule muuguzi mkuu anayekutunza. Mungu akulinde kazini na njiani, aibariki mikono yako kwa wagonjwa, na akurudishe kwetu ukiwa mzima, hata kama ni kwa begi zima la nguo chafu.

Ni mimi nikupendaye hata ukiwa na madoa,
Shangazi yako