Kivimbe cha Begani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza ukorofi. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakula kama mchwa na hawanenepi.

Uliuliza nafundishwa nini tena wakati mimi mwenyewe ni mwalimu wa madaktari. Ndiyo hivyo, mama! Walimu wa madaktari wa familia tunafunzwa jinsi ya kufundisha upasuaji mdogo: kupasua majipu, kushona majeraha, kutoa vivimbe kama hicho chako, ili mtu asisafirishwe hadi hospitali kubwa kwa kazi ya muda mfupi. Tulianza na ngozi za kuku. Mzee mmoja mwenye miwani alishona yake kama anafunga gunia, tukacheka hadi machozi. Zamu yangu ya kufundisha ilipofika, kicheko kikaniisha.

Kisu hakikunishinda, mikono ndiyo iliyonishinda. Mkufunzi wetu, mama mpasuaji asiye na mzaha, ana sheria: mwanafunzi akishika kisu, mwalimu afunge mikono nyuma, aelekeze kwa mdomo. Nilipewa daktari mmoja nimfundishe, tunamwita Kimya. Kila akisita, mimi huyo, nimeshamnyang'anya. Mkufunzi akanifokea mbele za watu kwamba kwa mtindo huo nitazikwa na ujuzi wangu. Niliona aibu, mama wee!

Sasa nisikilize, usikasirike. Ulisema kivimbe chako hakitaguswa na mkono mwingine ila wa mwanao, nami nikakubali. Kimekua, hakifai kungoja. Lakini sitakikata mimi. Kila nikiwaza kisu juu ya bega lililonibeba, nakiweka chini. Atakikata Kimya.

Kabla hujaichana barua: hata mimi nilikuwa na kivimbe kama chako, mgongoni, nikakuficha. Juzi nililala kifudifudi nikampa Kimya mgongo wangu, mkufunzi akiwa pembeni. Sikuona kitu, sikunyang'anya kitu. Sindano ya ganzi ilichoma kama siafu, basi. Mkufunzi alisema siku hiyo ndipo nilipofundisha vizuri. Utauona mshono wenyewe, umenyooka kuliko wangu.

Msalimie baba, na majirani wote, hata yule anayeniita daktari wa mafua.

Njoo wiki ijayo, mama. Siku hiyo mikono yangu sitaifunga nyuma. Itashika mkono wako.

Ni mimi,
kitindamimba wako