Shangazi, Saizi Yangu Si Ile ya Zamani

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
S.L.P. 20417,
Dar es Salaam.
14 Septemba 2025

Mpendwa shangazi Ummy,

Shikamoo, shangazi yangu, na Assalaam alaykum. U hali gani huko Maskati? Magoti yanaendeleaje, na ile dawa ya kupaka inayonuka karafuu bado unaitumia, au umeshikwa na uvivu ukaiacha kama kawaida yako? Joto limeanza kupungua? Wajukuu hawajambo? Baba, kaka yako, ameniagiza nikwambie kwamba yeye mzima, anakula vizuri, na kikohozi kimemwacha. Nami ni mzima, alhamdulillahi. Leo ninaweza kuliandika neno hilo bila kukuficha kitu.

Shangazi, nimeolewa. Najua unajua, maana ulilia kwenye simu kuliko mama. Lakini wiki tisa zimepita na bado nikiandika neno hili nasimama kidogo kulitazama. Asubuhi Ismail anaamka kabla yangu, anachemsha chai ya mdalasini, anaileta kitandani na kukaa chini kwenye mkeka kunisubiri nimalize, kana kwamba hana duka la kufungua. Nikimwambia wateja wanamngoja, ananijibu kwamba mapazia hayaozi. Sijui nimefanya wema gani hapa duniani nikapewa mtu huyu.

Nakuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu simu yako hushikwa na wajukuu, na sauti yangu husikika sebule nzima. Jambo lenyewe ni la mimi na wewe. Atakuletea barua hii jirani yetu anayerudi huko Jumamosi. Nimemwomba asimpe mtu mwingine.

Ni juu ya zile sidiria. Ulinitumia moja ya harusi, nyeupe, yenye lesi na maua madogo ya hariri, na wiki iliyopita ulisema unazo nyingine sita za aina ile ile unazotaka kunitumia. Naomba usizitume, shangazi. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mwezi wa tano uliniuliza saizi yangu, nikakujibu ni ile ile ya zamani. Nilisema uongo. Wewe uliondoka mwaka mmoja kabla ya ajali ya basi iliyoniumiza uti wa mgongo, na tangu hapo umeniona kwenye picha tu, na picha zangu zote ni za uso. Hujaniona nimekaa kwenye kiti cha magurudumu. Mtu anayekaa mchana kutwa mwili wake hubadilika. Kifua changu kimepanuka kwa kusukuma magurudumu, tumbo limelegea kwa sababu misuli yake haifanyi kazi tena, na kuanzia chini kidogo ya matiti sihisi kitu. Si baridi, si moto, si msumari. Niliyajua yote hayo, ila nilitaka uninunulie nguo ya yule msichana uliyemwacha hapa akiruka kamba uani. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya harusi Bi Tausi, somo yangu aliyenifunda, alinivalisha ile sidiria nikiwa nimelala. Mimi mwenyewe siwezi kufunga vishikizo vya nyuma. Nikipeleka mikono yote miwili mgongoni naanguka mbele kama gunia, maana mikono ndiyo inayonishikilia nisidondoke. Basi Bi Tausi akavuta mpaka vishikizo vikashika. Akasema, "Bibi harusi hapaswi kulegea, mwanangu. Leo utakaa kama mlingoti."

Na kweli nilikaa kama mlingoti. Hata kwenye picha za uso ulizoziona, shingo imenyooka. Usichokiona ni kwamba ukumbini kichwa kilianza kunigonga, jasho likanitoka usoni na shingoni, vinyweleo vikanisimama mikononi. Ilikuwa mwezi wa saba, kuna ubaridi, watu wamejifunika mitandio. Shangazi za Ismail wakasema ni furaha. Nami nikaamini ni furaha, kwa sababu furaha ilikuwepo kweli, tele. Usiku Bi Tausi aliponivua kichwa kikatulia, wala sikuunganisha mambo.

Sista Caroline, muuguzi wa kliniki yetu, alikuwa amenifundisha tangu siku za wodini kwamba mwili wangu una namna yake ya kupiga kelele. Huku chini kukibanwa au kukiumia, kichwa ndicho kinacholalamika, na presha inaweza kupanda vibaya ikamuua mtu. Alinifundisha pia kujitazama ngozi kwa kioo kila siku, mgongo mzima, kabla ya kuoga. Miaka mitano sikukosa siku hata moja.

Nikaja kukosa siku saba za fungate. Unazijua siku hizo, bibi harusi hanyanyui hata kijiko. Anasingwa, anafukizwa udi, analishwa. Kwa mara ya kwanza tangu ajali nilihudumiwa kama bibi harusi, si kama mgonjwa, na shangazi, ilikuwa tamu. Sikutaka kuomba kioo. Kioo kingenirudisha wodini. Kila asubuhi Bi Tausi akanivisha ile ile sidiria yako kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote, akaifua usiku, ikakauka, akanivisha tena. Yeye hana kosa. Hakuna aliyemwambia, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Siku ya saba Ismail alikuwa ananisukuma kwenda kuwaamkia wazazi wake. Akasimama ghafla.

"Sitara, umeegemea wapi?"

"Sijaegemea popote. Kwa nini?"

"Dera lako lina doa mgongoni."

Hakusema ni doa la nini. Alikigeuza kiti, tukarudi ndani.

Ilikuwa damu. Vishikizo vilikuwa vimeingia kwenye ngozi vikatoboa, na pembeni, chini ya kwapa, waya ulikuwa umechimba mfereji. Mimi nilikuwa nacheka muda wote huo. Sista Caroline alipoona hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisafisha, akafunika, akamwambia Ismail tena na tena ili asikie vizuri: kidonda kikienda ndani, narudi wodini kulala kifudifudi. Unakumbuka kile kidonda cha nyongani, mwaka ule wa kwanza, kilinilaza miezi minne. Nililia njia nzima, shangazi. Nilikuwa na ndoa ya siku saba na niliona tayari naichukua kuipeleka wodini.

Tukakaa wiki tano bila sidiria. Nilivaa fulana mbili za Ismail chini ya dera. Usidhani ni raha. Mtu asiye na misuli ya kiwiliwili, kifua kikimlemea mbele kinamvuta naye anafuata. Tena nakaa dukani napokea wateja, na wengine ni wanaume, hivyo nilijifunika khanga mpaka shingoni siku nzima nikijisikia kama kitu kilichohifadhiwa kisipate vumbi. Hata kwenda msikitini Ijumaa na wenzangu niliacha.

Kidonda kilipoanza kupata ngozi mpya, Ismail akasema kutafuta sidiria ni kazi yake. Akanipima mwenyewe nikiwa kitandani, kwa futi ya dukani, akaandika kwenye karatasi, akatoka. Akarudi na mfuko mweusi, ndani dazani nzima, zote za rangi ya maziwa. Kule alikoenda hawafungui dazani wakauza mojamoja. Tukavaa ya kwanza. Nikikohoa inapanda, nikisukuma kiti inapanda, kufika mchana imejikunja kama kamba chini ya shingo. Kumbe aliongeza vipimo. Nikamuuliza kwa nini, akasema kwa aibu kwamba mkono wake umezoea, pazia lazima uliongezee upana wa mikunjo.

Nilicheka mpaka akanishika mabega nisianguke.

Mimi nami nikajaribu zile za michezo, za kuvalia kichwani, ambazo hazina kishikizo wala waya. Ilifika kwenye mabega ikagoma. Mikono juu, uso ndani, kiti kinayumba. Ismail aliniokoa kwa mkasi wa mapazia. Hiyo sitaki umsimulie mtu.

Hatimaye tukaenda pamoja, mimi na yeye, mpaka kwa mama mmoja anaitwa Matilda, Mchaga wa Kibosho, ana kibanda cha sidiria Mtaa wa Mchikichi. Unajua msongamano wa pale. Ismail alikuwa mbele ya mikokoteni akiomba njia, "Samahani jamani, bibi harusi anapita," na watu wanapisha na kupiga vigelegele kama wajinga. Matilda alinitazama, akazungusha kiti kunitazama mgongo, akauliza:

"Hii uliyovaa nani kakupimia?"

"Mume wangu."

"Mume wako anafanya kazi gani?"

"Anauza mapazia."

Akamgeukia Ismail pole pole. "Kaka, huyu ni mke, siyo dirisha. Mikunjo ya nini?"

"Nilimpima vizuri, dada."

"Ulimpima amekaa?"

"Amelala."

"Na anashinda amelala?"

Shangazi, miaka mitano, hospitali, mafundi, mimi mwenyewe, hakuna aliyewahi kunipima nimekaa. Matilda alichukua futi yake akanizungushia palepale kwenye kiti, khanga ikitukinga. Akasema vuta pumzi, nikavuta. Akasema inama kama unasukuma, nikainama. Kisha akasema, "Sasa cheka." Nikacheka kweli, akaisoma futi wakati ule ule. "Hapo ndipo tunapoanzia," akasema. "Wewe bibi harusi, nitakufungaje kwa kipimo cha mtu aliyenuna?"

Akafungua dazani yake mpya, akanichagulia moja. Ni ya pamba laini, vishikizo viko mbele ninapoviona na kuvifikia. Haina waya. Mgongoni ni pana kama kiganja na haina mshono. Mikanda ni mipana na inakaa karibu na shingo, kwa hiyo haitelezi ninaposukuma magurudumu. Lebo ya ndani aliikata akapitisha kidole kuhakikisha hakijabaki kitu cha kukwaruza. "Mgongo wako haukwambii," akasema, "basi mimi nitauambia kwa niaba yako." Tena akaniambia nyumbani niivae nje ndani, ili nyuzi zote ziangalie nguo, zisiangalie ngozi. Nani atajua, aliuliza, akamtupia Ismail jicho, na yule mume wangu akaanza kusoma maandishi ya boksi kwa bidii sana.

Hatukuivaa siku nzima mara moja. Sista Caroline alisema saa moja, kisha vua, tazama. Wekundu ukiondoka ndani ya nusu saa, kesho saa mbili. Usipoondoka, acha. Siku ya kwanza ulikuwepo, nikashika mkono wa Ismail kwa hofu mpaka ulipofifia. Siku ya nne hakukuwa na wekundu wowote. Sasa navaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, navua, napumzika, navaa tena mpaka alasiri. Naifunga mwenyewe, shangazi, kwa mikono yangu, nimelala chali, kishikizo kimoja baada ya kingine. Bi Tausi nimemweleza yote. Alilia, akaniomba radhi, nami nikamwomba yeye.

Ijumaa Sista Caroline aliubandua ule mfuniko wa mwisho. Ngozi imefunga. Imebaki alama ya waridi, ndogo kama punje ya mahindi. Siendi wodini.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Usijilaumu. Ulinipenda kwa saizi niliyokupa, na kosa ni la aliyekupa. Zile sita wape mabinti wa huko, ni nzuri mno kukaa kabatini. Na la pili, ukija mwezi wa kwanza kama ulivyoahidi, usije ukaniangalia uso tu kama kwenye picha. Nataka uniangalie nilivyokaa. Nipo vizuri hivi nilivyo.

Wasalimie mwanao Sitti na mumewe, na yule mdogo aliyekata simu nilipokuwa nakwambia nimeposwa, mwambie nimemsamehe. Baba, mama na Bi Tausi wanakusalimu sana. Ismail anakupa shikamoo, anasema pazia la chumba chako atalishona mwenyewe, kwa vipimo sahihi. Mola akuhifadhi, akupe magoti ya kupanda ndege.

Nataka kumaliza lakini Ismail ameingia na kioo. Wenzangu waume zao huwaambia maneno ya nyimbo. Wangu huinama nyuma yangu kila siku kabla ya kuoga, akapitisha macho kuanzia shingoni mpaka kiunoni, hana haraka, mpaka nasikia pumzi zake. Halafu husema maneno mawili, na sijapata kuambiwa maneno matamu kuliko hayo. Amesema sasa hivi tena, shangazi. "Hakuna kitu."

Mimi mwanao nikupendaye, mke wa watu,
Sitara Sadalla