Nilikimbia, kwa Kiingereza

Jumatano, 6 Septemba 1961

Nimeanza! Sijui ni ujasiri au ni ukaidi tu — Mama anasema ukaidi. Wanafunzi kumi na wawili, wote Wamakonde waliomkimbia Mreno kwao, sasa wanachoma makaa Gando. Manubhai wa duka la vitambaa katupa ghala lake bovu la nyuma. Siku tatu kwa wiki, baada ya sala ya alasiri. Chaki nimezichukua skuli. (Nitasema zimevunjika.)

Sababu ni hii. Kaka Bakar, mtoto wa mjomba, karani wa serikali hapa Wete, katuletea habari kwamba afisa wa uhamiaji anakuja kutoka Unguja. Atamhoji kila mmoja wao: akae au arudishwe. Anakuja na mkalimani wake. Ila anayeweza kujieleza mwenyewe kwa Kiingereza ataachwa ajieleze, mkalimani akae nje.

Wiki iliyopita mkubwa wao, Ntaluma, alinifuata mpaka barazani kwa skuli. Alivua kofia. Nilimwambia mkalimani si mtu wa kuogopwa, kazi yake kutafsiri tu. Akanijibu taratibu:

"Mwalimu, mtu yule hunywa pamoja na watu wa Mreno. Nikitaja kijiji changu mbele yake, mke wangu niliyemwacha kule hamalizi mwezi."

Basi ningesema nini?

Jumatatu, 11 Septemba

Wanajifunza haraka kuliko wasichana wangu wa darasa la tano, na nimewaambia wasichana hivyo, wakanuna. Majina, vijiji, idadi ya watoto — wanajua. Anyesi, mwanamke pekee, ana sauti nyembamba lakini hakosei.

Leo tulifika pagumu: kwa nini uliondoka kwenu? Kila mmoja nilimuuliza kwa Kiswahili kwanza. Ntaluma kalimishwa pamba kwa nguvu. Mdogo wake kapigwa risasi na askari uwanjani, mchana kweupe, watu walipokwenda kudai haki. Usiku ule ule Ntaluma kauvuka mto wa mpakani. Halafu mimi nikajitia kutafuta chaki.

Mwisho wa kila hadithi neno lilikuwa moja: nilikimbia. Nikafungua kamusi nikawapa sentensi fupi, isiyowavunja ulimi. "I ran away." Wakaimba pamoja mpaka Manubhai akachungulia. Nilijisikia mwalimu hasa!

Alhamisi, 14 Septemba

Mtu kasimama ng'ambo ya njia muda wote wa somo. Shati jeupe, hanunui kitu, hasalimii. Tangu fujo za uchaguzi za Juni kule Unguja kila mtu anamchungulia mwenziwe, lakini huyu hakuchungulia. Alihesabu. Nilimuona midomo ikicheza.

Jumanne, 19 Septemba

Manubhai anataka ufunguo wake mwisho wa wiki. Kasema mkewe hapendi. Mkewe mwenyewe alituletea chai juzi! Sikumbishia. Alikunja kitambaa kimoja mara tatu.

Jirani kamwambia Mama kwamba nawafundisha watu wa bara waje kupiga kura. Mama hakula.

Afisa ni Jumatatu ijayo. Leo nimewahoji kama yeye, nimekaa kwenye gunia na miwani ya marehemu baba. Wote kumi na wawili wamejibu bila kukwama. Nimefurahi, najuta kuandika kwamba nimefurahi, maana roho haitulii.

Ijumaa, 22 Septemba

Kaka Bakar kaja baada ya sala. Nilimsomea maswali na majibu kwa majivuno yangu yote. Nilipofika penye sentensi ile aliweka kikombe chini.

"Hiyo weye ndo uliyowafunza? Wote?"

Wote.

Kwao ofisini, kasema, neno hilo lina faili lake. Baharia aliyetoroka meli. Kibarua aliyevunja mkataba. Mtoro, si mkimbizi. Na mtoro hurudishwa kwa tajiri wake, hata haulizwi la pili.

Mtoro! Kwa Kiswahili nimkimbie simba au nimkimbie mwenye shamba, nimekimbia tu. Sikujua Waingereza wamegawa. Ningeuliza. Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu napenda kujua mimi, ndiyo sababu.

Kaka Bakar kanipa neno lingine, la mkimbizi: "fled." Nimelia baada ya kuondoka yeye.

Jumamosi, 23 Septemba

Ghala hatuna tena, nimewafuata Gando kwa baiskeli. Tulikaa kando ya tanuri la makaa, moshi machoni. Neno jipya haliwakai. "Furedi." "Feledi." Anyesi kalipata mara mbili. Ntaluma kalisema sawa mara tano mfululizo, kisha nikamuuliza kwa ghafla, akatoa lile la zamani, kwa lafudhi safi. Nimelipigilia mno.

Nikawaeleza hatari. Ntaluma kanituliza mimi! Kasema afisa ni mtu, ataelewa.

Nikirudi nimemkuta yule wa shati jeupe mwanzo wa njia ya Gando. Safari hii kasalimia, kwa jina langu.

Jumatatu, 25 Septemba

Benchi la nje ya ofisi. Naandika kwa penseli.

Ntaluma kaingia wa kwanza. Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Jina lake. Kijiji chake. Mkewe. Yote kasema mwenyewe, na mkalimani kakaa hapa nje mlangoni, mikono kifuani, hana kazi! Nilitaka kupiga makofi.

Kisha: kwa nini uliondoka? Nilikuwa natamka neno jipya midomoni kana kwamba ataniona. Akasema lile la zamani.

Afisa akalirudia, kama anauliza. Mimi darasani hulirudia jibu la mwanafunzi likiwa sahihi. Ndiyo sifa yangu, sina nyingine. Ntaluma akadhani anasifiwa. Akalisema tena, kwa sauti kubwa, na "sir" juu yake.

Nikasikia kalamu.

Anyesi naye vile vile. Na wa tatu. Maneno yale yale matatu, mpaka pumzi zilikuwa moja. Baada ya hapo hawakuita mtu. Tisa wako hapa benchini pamoja nami, wananitazama kana kwamba najua.

Kaka Bakar katoka sasa hivi. Haniangalii. Afisa anataka kujua nani aliyewafundisha maneno. Ntaluma kanitaja, tena kwa fahari, kasema mwalimu wangu yuko hapo nje. Nataka kuingia, nieleze kwamba kosa ni langu, kwamba mtu huyu hakutoroka kazi, kaponea chupuchupu. Nimeshainuka. Kaka Bakar kanishika mkono, kasema chini kwa chini:

"Ukisema ulikosea weye, ataandika kuwa uliwakaririsha la kusema. Hapo warudi wote kumi na wawili. Ukinyamaza, warudi watatu tu, hawa tisa bado hawajasema kitu."

Nikamuuliza yeye angefanya nini. Kasema ana watoto wanne, akarudi ndani.

Mlango kauacha wazi. Namuona Ntaluma, kasimama wima, kofia mkononi. Kaniona, kanitikisia kichwa kidogo, kama anayeniuliza: vipi, nimepatia? Mkalimani hapa mlangoni kafungua daftari lake, na sasa anaandika; dirisha lilikuwa wazi kwake pia.

Wameniita. Jina langu na la baba. Wanaita tena, na mimi bado —