Tumekata Vile Vyuma vya Juu ya Nyumba Yako

Mpendwa dada Nduku,

Tumevikata. Nimeona nikwambie hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu mimi unanijua, nitajikuta nimefika Namanga kabla sijasema la maana. Vile vyuma vilivyokuwa vimesimama juu ya slabu, lile paa la zege la nyumba yako hapa Kitengela, vikingoja ghorofa, havipo tena. Mikono iliyovifunga ndiyo imevikata. Na barua hii nimeiacha wazi, asome anayetaka, maana nusu ya watu wa Kitengela wanalala chini ya vyuma kama hivyo.

Unakumbuka siku ya kumwaga ile slabu? Ulipanda ngazi ya mbao umefunga leso kiunoni, vijana wa mjengo wakakupisha kama umetoka kwa gavana. Ukashika chuma kimoja ukakitikisa, kama mtu anayejaribu muhogo kabla ya kuung'oa. Nilikuwa nataka kuvipunguza vibaki vya kufika magotini. Ukakataa. Ukasema, "Acha virefu. Watu wakipita barabarani wajue hatujamaliza."

Wakati huo nilidhani ni maringo tu, na maringo mimi sikatai, niko nayo ya kutosha. Lakini nimezunguka sana tangu hapo, dada. Nimejenga Kiserian, nimejenga Tuala, nimejenga Kajiado penyewe, na kila mahali nimeona vyuma vimesimama juu ya nyumba za watu. Mama mjane ana vyuma. Mwalimu aliyestaafu ana vyuma. Hata kanisa liko navyo. Nyumba yenye vyuma juu ni mtu ambaye bado ameinua mikono anaomba. Anayevikata anakaa chini.

Siku ile ile ya slabu ndipo simba alikuja. Najua utasema sasa ameanza. Lakini zege likishamwagwa linataka kunyweshwa maji, na sisi tulikuwa tumelijaza maji juu kama bwawa. Simba akatoka mbugani, akapanda ngazi yetu taratibu, akanywa. Mimi nilikuwa na mwiko peke yake mkononi. Nilimwangalia, akaniangalia, akafuta mdomo akashuka. Jirani yetu mzee wa Kimaasai, ambaye alikuwa hanijali, tangu siku hiyo alinisalimia "Sopa" kwa heshima kabisa. Wewe nilipokusimulia ulisema ile ilikuwa mbwa ya jirani, ya kina Wanjiru. Ilikuwa kubwa sana kwa mbwa, dada.

Basi tulipokurudisha Mbooni ukapumzike karibu na mama, shemeji Kioko alirudi Kitengela peke yake. Tulimwambia abaki nyumbani, akasema ana kuku. Kuku wenyewe walikuwa wawili. Mimi nikawa napita kumwona, lakini unajua mimi na mumeo. Nikianza hadithi yeye huinuka akaenda kuangalia kama geti limefungwa. Miaka yote hiyo ya undugu wetu hakuna geti lililoangaliwa kama lile.

Mwende wako ni injinia sasa. Nasema hivyo polepole ili nawe ulisikie vizuri. Wakitaka kukarabati jengo la zamani wanamwita aseme kipi kibaki na kipi kiangushwe. Wakitaka kujenga upya kule Kajiado anaenda kwanza na kofia yake ya manjano, anatembea ploti nzima kabla hajachora mstari hata mmoja. Anaangalia maji ya mvua yanatoka wapi na yanataka kwenda wapi, jua linachwea upande gani, lori la mchanga litageukia wapi. Mimi nimewaambia watu wote wa Kajiado kwamba hayo yote alijifunza kwangu. Yeye hakatai. Anacheka tu vile ulivyokuwa unacheka, na bado ananiita naimiwa, sio anko kama watoto wa siku hizi. Mjomba ni mjomba.

Ni yeye aliyenipigia simu mvua za juzi. Alikuwa amelala kwa baba yake, na asubuhi akaona kipande cha plasta kimeanguka kutoka dari la chumba chenu. Kimeangukia kitanda. Kimeangukia upande wako. Na kumbe baba yake alikuwa ameweka beseni pale pale, juu ya godoro, ulipokuwa unaweka kichwa. Maji yanadondoka kwa beseni, naye amelala kando yake. Hakuwa amemwambia mtu. Mwende aliniambia hayo kwa sauti ya kazi, sauti ya injinia, lakini alipofika kwa beseni akanyamaza, na mimi nikajifanya simu imekatika.

Tulipanda juu pamoja. Alikuwa na kinyundo chake cha kupima zege, anagonga hapa, anasikiliza, anagonga pale. Niliwahi kukuahidi kwamba ile nyumba inaweza kubeba ghorofa nne, si ndiyo? Alipima, akachimba hadi msingi, akaona tulivyotoa ule udongo mweusi wote unaovimba na kupasuka mpaka tukafika kwenye mwamba. Akasema, "Naimiwa, msingi ni mzuri. Inaweza kubeba moja." Nikamwambia hiyo moja ni ya injinia, hizo tatu ni za mjomba. Lakini ndani nilivimba, dada. Msingi ni mzuri. Hilo alisema mbele ya vijana.

Shida haikuwa chini. Shida ilikuwa vyuma. Alinionyesha kwa kidole. Kutu ikiingia, chuma huvimba, kikivimba hupasua zege kutoka ndani, na maji ya mvua hufuata kile chuma kama mtu anayeshuka ngazi hadi chumbani kwako. Slabu nayo ilikuwa sawasawa kama meza, maji hayakuwa na pa kwenda. Akasema baba akiendelea kulala pale kitakachoanguka siku nyingine hakitakuwa plasta. Mpango wake ulikuwa tuvikate, tutibu vichwa vya nguzo, halafu nyumba yote ivikwe paa la mabati. Alikuwa amechora tayari. Ulikuwa mchoro safi, ungeupenda.

Shemeji akakataa.

Hakupiga kelele, unamjua. Alisema tu hapana, akaenda kuangalia geti. Mwende akamfuata akamweleza tena, kutu na maji na hatari. Akasema ameelewa, na hapana. Siku iliyofuata akamwambia ahame akalale chumba cha wageni. Hapana. Mtoto akaja kwangu macho yamekuwa mekundu, akaniambia anaweza kusimamisha mjengo wa mtu yeyote Kajiado hii kwa sahihi yake moja, lakini baba yake amemshinda. "Ongea naye wewe," akasema. "Sema chochote."

Chochote. Unajua unapoambia mtu kama mimi chochote.

Nilimpata juu, amekaa juu ya tofali akitazama Ngong. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima. Nikakaa karibu naye, nikamwambia kwamba wewe, kabla hujatuacha, ulinishika mkono ukaniambia vyuma vikianza kutu vikatwe, usimsumbue Kioko. Niliisema vizuri, dada. Nilikuwa nimeiandaa njia nzima kutoka stejini niliposhuka gari. Nilikuwa nimeweka hata kikohozi chako katikati.

Shemeji hakuenda kuangalia geti. Akaniangalia.

"Muli," akasema, "hata leo?"

Mwende alikuwa amesimama kwenye ngazi, kichwa tu kinaonekana, na mchoro wake mkononi.

"Mama Mwende hakusema hivyo. Mimi nilikuwa naye," akasema. Kisha akapiga kimoja cha vile vyuma kofi dogo, kama unavyopiga ng'ombe wako. "Hivi ni vyenu. Vikateni hata sasa hivi, mimi sihitaji ghorofa. Lakini mkifunika hapa na mabati, nitakuwa nakaa naye wapi?"

Nakuambia ukweli, sikujua. Mimi niliyejenga ile nyumba sikujua kwamba mlikuwa mnapanda huko kila jioni na chai. Nilidhani mnapanda kuanika nguo. Nilidhani analinda vyuma kwa sababu uliviacha virefu, kumbe vyuma vilikuwa ni vitu vilivyosimama tu pale mlipokaa. Kaburi lako liko Mbooni, safari nzima. Juu ya slabu ni ngazi kumi na kitu tu, na miguu yake bado inaziweza.

Mwende alimaliza kupanda. Nilidhani atalia. Badala yake akaukunja ule mchoro, akaukalia kama mkeka, akamwuliza baba yake swali ambalo sijawahi kusikia injinia akimwuliza mtu. "Mlikuwa mnaangalia wapi?"

Akamwonyesha. Mama yako hapa, akasema, mimi hapa. Vilima pale. Upepo ulikuwa unatoka huku nyuma, nyikani, na mama yako anasumbuka na mgongo, mimi nikawa nakaa upande huo nimkinge. Mtoto akatoa penseli. Akauliza chai mliweka wapi. Akauliza mvua ikianza mlishukia wapi, na kama uliteleza. Shemeji, ambaye kwa siku nzima anaweza kutumia maneno ya kutosha kununua mkate, akaongea mpaka vilima vikawa vyeusi. Mimi sikuingiza hata neno. Andika hilo mahali huko uliko.

Mchoro wa pili ndio tumejenga. Mabati hayapo. Vyuma tuliviingilia mpaka ndani ya zege, tukakata chini ya uso wa slabu, tukasugua kutu yote, tukapaka dawa, tukaziba. Juu yake tukamwaga safu mpya ya simiti yenye mteremko, mteremko mdogo ambao jicho halioni ila maji yanauona. Maji yanaenda pembeni, yanaingia bomba, yanashuka mpaka tanki, ili yasimwagike karibu na msingi yakaamshe ule udongo mweusi. Juu ya hiyo tukapaka ile dawa nyeusi ya kuzuia maji, kisha vigae vya kukanyagia. Upande wa nyikani ameweka ukuta wa kufika mabegani ukiwa umekaa. Upande wa Ngong ukuta ni wa kufika kiunoni tu, vivyo hivyo ukiwa umekaa. Amemwekea baba yake mkono wa chuma kwenye ngazi. Nikamwuliza hayo mambo ya upepo na vilima yameandikwa kitabu gani huko chuo. Akasema hayako.

Siku ya kukata nilisema ni mimi. Vijana walitaka kunisaidia nikawafukuza. Ile mashine inapiga kelele ya kuumiza meno, cheche zinaruka, na kila chuma kikianguka kinalia juu ya slabu kama kengele mbovu. Nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika, maana nilikuwa nakufikiria wewe na watu wako wa barabarani. Lakini nikaona juu panafunguka. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaangalia vilima kupitia vyuma, kama watu wa jela.

Kabla ya vigae, Mwende aliagiza paa lijazwe maji. Unaziba matundu yote, unajaza maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, unayaacha siku nzima, unangoja kuona kama kuna kitakachopita. Boza, lile lori la maji, lilikuja likamwaga. Majirani walitoka nje kutazama, nikawaambia tunafuga samaki, na mmoja ameshaagiza.

Kutwa nzima shemeji alikaa chumbani kwenu, kwenye kiti, ameinua uso anaangalia dari. Hakula. Mwende alikuwa anaingia na kutoka. Mimi nilikuwa juu nalinda maji, kazi ambayo mtu wa cheo changu hapaswi kupewa. Jioni nikasikia hatua kwenye ngazi. Alitokea, akavua viatu akaviweka pamoja vizuri, akakunja suruali, akaingia kwenye maji. Akatembea taratibu mpaka katikati. Mawingu yote ya Kitengela yalikuwa pale miguuni pake.

"Hakuna hata tone," akasema.

Nikamwambia nilijua. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Muli, nisimulie kitu chake. Cha zamani, kabla yangu."

Dada, sikuamini masikio. Nikamwambia ile ya Mbooni, ulipokuwa msichana na mahindi yalikuwa yameanikwa uwanjani na mvua ikaja kwa kasi kutoka kilimani. Nikamwambia ulitoka jikoni na mwiko, ukasimama katikati ya uwanja, ukaigombeza ile mvua kwa majina yake yote mpaka ikaona haya, ikageuka ikaenda kunyesha kwa wengine. Mama ni shahidi, nikasema. Punje moja haikulowa.

Nikangoja aende getini.

Akakuna goti. "Endelea," akasema.

Nikaendelea mpaka giza, dada. Nilimwambia mengi, na mengine utanisamehe. Lakini ile ya mvua, wewe na mimi tunajua ilivyokuwa. Tulinyeshewa sote pamoja na mahindi, na wewe ndiye uliyekuwa unacheka.

Lala vizuri kule kwetu. Huku tunakaa naye.

Ni mimi mdogo wako, naimiwa wa Mwende.