Hedifoni Zako ni Nzima, Baba

Hamburg

Baba yangu,

Shikamoo. Huko Mkonze mmeamkaje? Mtama umepata mvua, au ni lile vumbi tu? Mimi nipo, ila huku jua limetususa. Naingia kazini giza, natoka giza. Wiki hii amefariki bibi mmoja niliyekuwa namlisha pale kwenye nyumba ya wazee. Mazishini tulikuwa mimi na mchungaji tu. Basi, nisikuchoshe.

Sasa hizo hedifoni ulizonipa nilipokuja likizo. Nimempata fundi, mzee mwenye ndevu zilizogeuka njano kwa tumbaku, kazi yake ni hedifoni kama hizo za umemetuli peke yake. Nikamweleza kwamba uliachiwa na padri mliyekuwa mnarekodi naye kwaya, na kwamba upande wa kushoto ulikufa Mama alipoziangusha akifuta meza. Sikumwambia kwamba tangu hapo humsemeshi mkeo.

Akazifungua. Baba, ungeona! Sponji imekuwa unga, mito ya masikio imepasuka kama kisigino cha kiangazi, waya umekakamaa. Alipopuliza vumbi letu akacheka, akasema nimemletea shamba. Lakini ule utando wa ndani, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, ambao umeme ndio unaoutikisa utoe sauti, ni mzima. Pande zote mbili! Kumbe unyevu ndio unaoziua, na ukavu wa Dodoma umezitunza. "Hizi zitatuzika sote," akasema.

Nikambishia, unanijua. Nikazivaa, nikaweka wimbo wa kwaya yenu nilio nao kwenye simu. Kushoto na kulia, sawasawa. Nilisikia hadi kayamba, hadi mtu anayekohoa kule nyuma. Nikazigeuza, bado sawa. Nikakaa kwenye kiti cha fundi wa watu, nikalia.

Mama hakuharibu kitu, Baba. Ni sikio lako.

Mama aliniambia kwamba baba mdogo amenuna kwa sababu mwanawe alikuamkia mlangoni pa kanisa, ukapita kimya. Majirani nao wanasema siku hizi una maringo, unapewa shikamoo huitikii. Wewe! Wewe uliyenichapa kwa kumpita mzee mmoja bila kumwamkia! Maringo umeyatoa wapi? Hukuwasikia tu. Nashinda na wazee huku, hali hiyo naijua.

Najua utasema, "Mtoto huyu ananizeesha." Sema tu. Ila nenda hospitali wakupime, na usinianzie habari za mafuta ya mnyonyo. Huenda ni nta imeziba. Natamani iwe nta, lakini moyo wangu hauniambii hivyo, na naogopa. Maisha yako yote umeishi kwa kusikiliza.

Hedifoni nitazituma zikishapata sponji mpya. Nisalimie bibi yangu wa Gulwe, mwambie blanketi lake nimelinunua. Msalimie baba mdogo, umweleze ukweli mwenyewe ili aache kununa. Mpe pole shangazi kwa mguu.

Mama usimpe salamu zangu kwanza. Mwombe radhi. Kisha mtoe viti nje jioni mzungumze, maana naye amenyamaziwa vya kutosha. Ila akae kulia kwako, Baba, huko ndiko utakakomsikia.

Mimi binti yako mbishi,
Tabitha