Kilio Changu Msibani kwa Bi Tatu

Mbagala, Dar es Salaam

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Kwihara, na kifua chako kisiwe kinakubana kwa vumbi la kiangazi. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haijatulia.

Bi Tatu amefariki. Ni yule Mzaramo niliyeigiza naye uke wenza miaka yote, tangu michezo ya jukwaani hadi runinga, mpaka hivi vichekesho vya kwenye simu. Nimekuwa mama mkwe, mlevi, mganga, hata babu mwenye ndevu za pamba, na kila nikivaa yeye alinikagua akasema, "Mnyamwezi wewe, wivu umekukondesha." Tulipanga nyumba moja. Sasa napika kidogo na bado chakula kinabaki.

Unajua sisi na Wazaramo tu watani tangu babu zetu walipobeba mizigo kushuka pwani. Msibani nikatimiza wajibu wangu wa mtani, kuwachekesha wafiwa. Nilijifunga kanga zake, nikajilaza mlangoni, nikasema, "Hatoki mtu humu. Huyu anajifanya amekufa ili asioshe vyombo." Wafiwa wakacheka, hata mwanawe. Nilifurahi, maana mwenyewe angetaka hivyo.

Jeneza likainuliwa. Hapo kilio kikanitoka, dada, nikaanguka kwelikweli. Watu wakazidi kucheka. Mwanawe akaja kuniinua.

"Basi, mama, utatuvunja mbavu."

"Mwanangu, nalia."

Wakaangua kicheko upya, na simu zao wamezinyanyua. Nikajifuta uso, nikawapa ule mwendo wangu wa mlevi, maana sikujua nifanye nini kingine. Niliumia sana.

Siilaumu kazi, imenilisha. Lakini mcheza kwao hutunzwa, na mimi maisha yangu yote nimecheza ugenini. Hapa kila mtu ananijua, na nikifunga mlango hakuna anayebisha hodi.

Nisalimie shemeji, na kaka yetu aliyeko kwenye tumbaku yake Goweko. Nasikia ile video imeshafika Tabora. Wajukuu zako wakikuonyesha, waache wacheke, hawana kosa. Wewe itazame pale jeneza linapoinuliwa. Umenilea, unakijua kilio changu. Ukikiona, nipigie simu uniambie pole. Mpaka leo hakuna aliyeniambia.

Mdogo wako,
Zuhura