Mimi Niliyekamata Usukani

Kimisagara, Kigali
9 Februari 2025

Dada Winifred mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako ambaye, ukiuweka mguu mmoja pembeni, ni mzima kuliko wewe. Masikio yanaendeleaje? Bado yanagoma kusikia simu? Basi ni mimi na karatasi tena. Barua hii inaletwa na dereva wa basi la Rusumo. Viti vyake vyote nilivishona mimi, hawezi kunikatalia kitu.

Usishtuke sana. Tumepata ajali. Nilialikwa Bugesera, ndani kabisa huko vijijini, kwenye posa ya binti wa rafiki yangu. Unajua mambo yangu: posa ambayo sikusimama kujivuga, yaani kujisifu kwa tungo, watu wanarudi nyumbani kama wametoka msibani. Siku hizi wanafunzi wa chuo kikuu wanakuja kuniuliza namna ya kutunga maneno ya kujisifu kama walivyofanya babu zetu mbele ya ng'ombe wao. Mimi wa darasa la sita!

Tukarudi jioni kwa taksi, dereva kijana anaitwa Mucyo. Barabara ya udongo, kona mbaya, mbuzi kafungwa kamba pembeni, gari likaacha njia. Sasa sikiliza. Nani aliliona? Ntare. Nani aliruka kutoka kiti cha nyuma, akaukamata usukani, gari likaangukia shamba la mihogo badala ya kuporomoka bondeni? Ntare huyu huyu. Dada, mimi nimepanda magari ya Nairobi, Kampala na Dar, gari la Bugesera litanishinda?

Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, wametia vyuma. Daktari anasema mfupa haukukaa sawa, lazima waufungue tena, na hiyo operesheni ya pili mituweli yangu, ile bima ya afya ya watu wa kawaida, haiifikii. Ndiyo maana tumefungua madai kwenye bima ya gari. Nasema tumefungua kwa sababu niko na abiria mwenzangu, mama mmoja, Xavérine, wa Gahanga, muuza parachichi. Yeye aliumia mgongo, hawezi kubeba kikapu, hata mtoto wake hawezi kumweka mgongoni. Bima ikikubali kwamba dereva ndiye mwenye kosa, sote wawili tutatibiwa. Kwa hiyo ondoa wasiwasi.

Wasalimie watoto. Waambie mjomba wao ni shujaa.

Mdogo wako,
Ntare

Kayanga, Karagwe
2 Machi 2025

Mdogo wangu Ntare,

Hujambo? Mguu haujambo? Sisi huku wazima, maharage yamestawi, masikio ni yale yale. Barua yako niliisoma nikalia, nikaisoma tena nikacheka, halafu mara ya tatu nikaacha kucheka.

Wewe umekamata usukani? Wewe ambaye tangu utoto ukipanda gari unasinzia kabla kondakta hajafunga mlango? Tulipokuwa tunakwenda Bukoba, mama alikuwa anakufunga kwa khanga usidondoke. Sema kweli, Ntare. Ulikuwa macho?

Watoto nimewaambia mjomba wao ameumia. Hilo la shujaa nimeliweka kwanza.

Na huyo Xavérine, mpe pole zangu. Mwambie nami niliwahi kuumwa mgongo, ila wangu ulipona.

Dada yako,
Winifred

Kimisagara
30 Machi 2025

Dada mpenzi,

Salamu, na pole kwa uchovu wa kazi. Mimi naendelea. Mguu unavuja kidogo pale penye kovu, lakini nauambia uvumilie.

Haya, umenikamata. Nilikuwa nimelala. Nimelala kama gunia la mchele, kichwa begani kwa Xavérine. Mwenyewe alinisimulia yote hospitalini, tumekaa kwenye benchi la ukumbini. Kale kaswahili kake ka Kigali utakapenda: "Wewe Ntare iko nalala tangu tunatoka, mate yote kwa kitenge yangu! Mimi ndiyo nilipiga kelele, Mucyo, acha simu, tazama njia!" Maana kijana alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine anaandika ujumbe kwa mpenzi wake. Kona, mbuzi, mihogo, vyote ni macho ya Xavérine. Mimi niliamka tayari nikiwa kichwa chini.

Lakini dada, habari ya mtu aliyelala nani atainunulia bia? Hapa Kimisagara nikianza na usukani, mafundi wanaacha nyundo. Kila Jumamosi naongeza kidogo. Hakuna anayeumia.

Tena nimepata rafiki mpya. Anaitwa Ngabo, kijana safi, shati jeupe, amekulia Uganda. Anatoka kwenye ile kampuni ya bima. Amekuja kuniona mara mbili, kaleta maziwa ya mgando na kreti ya bia, kakaa kwenye kigoda changu kibovu bila kufuta vumbi. Anacheka mpaka machozi. Ameniambia, "Mzee Ntare, wewe ni hazina ya taifa." Kampuni yenye watu kama hao haiwezi kututupa.

Mdogo wako,
Ntare

Kayanga
13 Aprili 2025

Ntare,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Nijibu haya na usinichekeshe. Mtu wa kampuni inayotakiwa kukulipa, kwa nini anakuletea bia? Anapokuja anakuuliza nini? Anaandika? Na kwa Xavérine amekwenda na maziwa, au anakuja kwako tu?

Mdogo wangu, yule siyo mgeni wa mgonjwa. Akija tena, mwambie mguu unauma, ulale. Kulala unakuweza.

Dada yako,
Winifred

Kimisagara
18 Mei 2025

Dada mpenzi,

Salamu za upendo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na homa, na mguu umeanza kunuka kidogo. Umutoni, jirani yangu, ananisafishia kwa maji ya chumvi huku anatazama pembeni.

Barua yako ilifika ikiwa imechelewa. Jumapili ile ile uliyoiandika, mimi nilikuwa nimeshajivuga.

Ngabo alikuja na watu wawili wa ofisini kwake. Ua lote likajaa: mafundi, akina mama, hata mzee wa nyumba kumi. Mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati, mrija mmoja, tunapokezana. Ngabo akasema, "Mzee, nimewaambia wenzangu Kigali nzima hakuna anayejivuga kama wewe. Tupe ile ya ajali." Dada, watu walikuwa wananitazama. Nikasimama na gongo langu la kutembelea, sauti nikaitoa tumboni. Kwa Kiswahili haipendezi sana, lakini ni hivi:

"Mimi ndimi Ntare, nisiyesinzia wengine wakisinzia,
niliyeiona kona kabla ya kona kuniona,
mbuzi kwenye kamba shahidi wangu,
nilimsukuma mtoto wa watu, nikaukamata usukani
kama pembe za fahali aliyeona damu,
nikaligeuza gari kwa mkono wa kushoto,
mihogo ikanipigia magoti!"

Walishangilia mpaka mbwa wakakimbia. Kila mtu pale anajua kujivuga ni kujivuga. Babu aliyejisifu ameua chui saba, nani alikwenda kuhesabu ngozi?

Kitu kimoja tu. Ngabo alikuwa ameinua simu yake, ananipiga video. Pikipiki ikapita na kelele zake, akanyanyua mkono: "Subiri, mzee. Anzia pale pa usukani tena." Nikaanza tena. Safari ya pili niliongeza madoido. Yeye hakucheka. Wenzake nao hawakucheka, walikuwa wanatazama tu ile simu.

Nilikwenda Gahanga kumsimulia Xavérine. Alikuwa amekaa mlangoni, mtoto analia chini, anamnyooshea mikono, naye hawezi kuinama kumwokota. Akaanza kucheka: "Ntare, mwongo wewe!" Halafu kicheko kikaishia njiani. Akauliza, "Alichukua na simu?" Nikasema ndiyo. Akageuka kumtazama mtoto. Nilimwinua mtoto, nikamweka mapajani kwake, nikaondoka.

Wewe unaonaje?

Mdogo wako,
Ntare

Kayanga
1 Juni 2025

Ntare mdogo wangu,

Naona unachokiona wewe ila hutaki kukitaja. Nenda wewe kwao kabla hawajakuita. Mchukue Xavérine, nendeni pamoja, useme mbele yake: nilikuwa nimelala, yale yalikuwa maneno ya kujivuga. Sema hivyo tu, usitie chumvi wala mbuzi. Aibu ya siku moja utaibeba. Hii nyingine hutaiweza.

Mguu unaonuka haungoji. Rudi hospitali.

Dada yako anayekuombea,
Winifred

Kimisagara
6 Julai 2025

Dada,

Salamu. Natumaini mmevuna salama.

Nilisema nitakwenda Jumatatu, halafu Jumatatu nyingine. Wakaniita wao. Wakanitumia gari, zuri, halina hata harufu. Ofisi iko Kimihurura, ghorofani, baridi ya mashine mpaka meno yanagongana. Ngabo alikuwepo, tena ananiita "bwana Ntare", siyo mzee. Mwanamke mmoja, mwanasheria wao, akafungua kompyuta, nikajiona nimesimama uani na gongo. Dada, nilivyojiona nilikuwa kitu kizuri. Nisikufiche, kwa muda mfupi nilifurahi.

Akauliza, "Hii ni sauti yako?" Nikasema ndiyo, lakini pale nilikuwa najivuga, mimi nilikuwa nimelala. Akasema, "Mtu aliyelala alijuaje kwamba kwenye kona kuna mbuzi kwenye kamba? Alijuaje shamba ni la mihogo?" Nikasema ameniambia Xavérine. Akatabasamu. "Xavérine naye anadai. Lazima akusaidie."

Nikamwambia Ngabo kwa Kinyarwanda: mwana, wewe ni Mnyarwanda, unajua kujivuga ni nini. Waambie. Akatazama dirishani. Akasema amekulia nje, mila hizi hazijui vizuri.

Na Mucyo sasa ameandika kwamba ni kweli, kuna abiria alimshika usukani.

Hivi ndivyo walivyonipangia. Nikiweka sahihi kwamba niliukamata usukani kwa nia njema, kampuni itaniangalia kwa huruma na kunifanyia ile operesheni, hospitali nzuri, chumba changu peke yangu. Lakini hapo dereva hana kosa, na Xavérine hana pa kudai isipokuwa kwangu mimi, fundi wa viti. Nikikataa, tutakwenda mahakamani na video yao, miaka inakwenda. Daktari naye ameniambia mguu huu hauna miaka. Hauna hata miezi mingi. Usipofunguliwa, watauondoa kwenye goti.

Xavérine hajui bado. Juzi alinitumia parachichi kwa kijana wa pikipiki, makubwa mawili, ameyafunga kwa gazeti yasichubuke. Sijayala.

Walisema nifikirie. Watatuma gari tena.

Ntare

Kayanga
13 Julai 2025

Mdogo wangu, kipenzi changu,

Usiweke sahihi. Nakuandikia nikiwa nimesimama kituoni, dereva anapiga honi.

Nauza lile shamba la mama la Nyakahanga. Nimeshaongea na mnunuzi, anataka, anasubiri mkewe arudi kutoka Mwanza. Mguu wako nitautibu mimi, na kama haitoshi nitakopa kwa akina mama wa kikundi. Wewe nenda Gahanga ukamwambie yule mama kwa mdomo wako, asije akasikia kwa watu. Mtu aliyekulaza begani kwake na mate yako, Ntare, huyo huwezi kumfanyia hivi. Wewe siyo wa hivyo. Nimekubeba mgongoni, nakujua.

Gari lao likija, usipande. Nijibu haraka.

Dada yako,
Winifred

Kayanga
10 Agosti 2025

Ntare,

Hujambo? Sijapata jibu. Dereva anasema barua alimpa Umutoni mkononi, na wewe hukuwepo nyumbani. Shamba nimeliuza. Nieleze nije na pesa lini.

Dada yako,
Winifred

Kigali
14 Septemba 2025

Kwa Dada Winifred,

Natumaini hujambo pamoja na watoto. Mimi ni mzima.

Operesheni ilifanyika mwezi wa nane, ilikwenda vizuri. Mfupa umeunga. Chumba kilikuwa kisafi na madaktari ni watu wa heshima. Sasa natembea bila gongo mpaka barabarani. Pesa ya shamba usiilete, wasomeshee watoto.

Kazi nimeanza tena kidogo kidogo. Nimehama Kimisagara, kelele zilikuwa nyingi. Claudette, binti wa yule rafiki yangu wa Bugesera, amefunga ndoa wiki iliyopita. Waliniomba nisimame nijivuge. Nilisema koo linaniuma.

Karibu Kigali ukipata nafasi.

Mdogo wako,
Ntare

Kayanga, Karagwe
28 Septemba 2025

Ntare,

Na Xavérine?

Winifred

Kayanga, Karagwe
2 Novemba 2025

Mdogo wangu,

Dereva wa Rusumo amenirudishia barua yangu ya mwezi wa tisa. Anasema alikutana na wewe mjini, ukaitazama bahasha, ukamwambia hukuwa na miwani. Wewe huvai miwani, Ntare.

Nakuja Jumamosi. Sitakuja kwako kwanza. Nitashukia Gahanga, nitauliza kwa wauza parachichi mpaka nimpate, na ile pesa ya shamba nitaiweka mkononi mwake. Nitamwambia mimi ni nani.

Ukitaka kuniona, nitakuwa nimekaa mlangoni kwake. Mtoto wake nitakuwa nimembeba mimi.

Dada yako,
Winifred